Namna ya Kupima Ukali na Urefu wa Msimu wa Moto wa Nyika kwa Upande wa Mkazi

Taarifa rasmi za msimu wa moto huhesabu hekta zilizoungua, nyumba zilizoteketea na idadi ya mioto iliyozimwa. Hesabu hizo zinawafaa wanaopanga bajeti na vikosi, lakini hazielezi kwa nini mkazi ambaye hakuuona hata mwali mmoja anasema msimu umemmaliza nguvu. Mwaka 2023 nchini Kanada ziliungua takribani hekta milioni 15, na mwezi Juni mwaka huo moshi wake ukawafungia ndani watu wa New York, mamia ya kilomita kutoka kwenye moto wenyewe. Kinyume chake, moto uliofika mji wa Paradise, California, tarehe 8 Novemba 2018, uliteketeza sehemu kubwa ya mji huo kwa saa chache na kuua watu 85. Msimu wa kwanza uliwachosha watu kwa marudio, wa pili uliwapiga kwa pigo moja. Kwa hiyo anayetaka kusema kwa haki msimu wa eneo lake ulikuwa wa namna gani apime ukali peke yake na urefu peke yake.

Chombo kinachohitajika ni daftari, na lifunguliwe kabla ya moshi kuingia, kwa sababu bila siku za kawaida hakuna cha kulinganisha nacho. Hewa ipimwe mara mbili kwa siku, asubuhi na alasiri, kwa saa zile zile. Usiku hewa ya baridi hutuama bondeni na ile ya joto hukaa juu yake kama kifuniko, hivyo moshi hubaki chini mpaka jua lipashe ardhi; anayepima mchana tu ataandika msimu mwepesi kuliko ule aliolala nao.

Kinachopimwa hasa ni chembechembe laini zenye kipenyo kisichozidi mikromita 2.5, ambazo hupenya hadi ndani kabisa ya mapafu. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza wastani wake kwa saa 24 usizidi mikrogramu 15 kwa kila mita ya ujazo. Hapa pana mtego unaowanasa wengi: baadhi ya vituo vya kupima hewa hutangaza mikrogramu na vingine hutangaza faharasa ya ubora wa hewa, yaani namba ya daraja inayokokotolewa kutokana na vipimo, na namba hizo si kitu kimoja. Katika faharasa ya Marekani, mikrogramu 35 hutoa namba ya karibu 100, hewa huhesabiwa kuwa mbaya kwa watu wote kuanzia 151, na hupita kuwa hatari kubwa baada ya 300. Kila namba iandikwe pamoja na kipimo chake. Vifaa vidogo vya nyumbani navyo mara nyingi huzidisha usomaji wakati wa moshi, kwa hiyo ni afadhali kutumia kifaa kimoja msimu mzima, hata kama si kamilifu, kuliko kubadilisha katikati.

Asiye na kifaa achague alama tatu ambazo umbali wake anaujua, kwa mfano mnara, kilima na safu ya milima, kisha aandike ipi inaonekana. Njia hii haifai usiku wala wakati wa ukungu, lakini ni bora kuliko kutegemea pua, ambayo huuzoea moshi upesi, au rangi ya anga, ambayo hudanganya. Tarehe 9 Septemba 2020 anga la San Francisco liligeuka rangi ya chungwa mchana kweupe, ilhali moshi mwingi ulikuwa umeelea juu ya hewa ya baharini na hewa ya chini haikuwa mbaya kiasi hicho. Ilizidi kuharibika siku zilizofuata, wakati picha za kushangaza zilipokuwa zimekwisha kupigwa.

Baada ya hewa yaandikwe maisha, na hapa matendo yaandikwe kabla ya hisia. Mstari mmoja unatosha: «Asubuhi faharasa 162, alasiri faharasa 88, kilima hakionekani; madirisha yamefungwa tangu jana jioni, ndani joto; watoto hawakutoka; bibi amekohoa usiku; begi liko mlangoni.» Mstari kama huo unaeleza ukali kuliko neno «mbaya» lililorudiwa kurasa kumi. Ukitaka kuandika hisia, zipe alama kati ya 0 na 10 kabla ya kusikiliza habari, la sivyo utakuwa unapima habari.

Siku za kukaa tayari kuhama zihesabiwe hata kama amri ya kuhama haikutolewa, kwani kulala na funguo za gari karibu na mto wa kulalia kunachosha mwili kweli. Wakati huo soma matangazo kwa uangalifu. Moto unaposemwa umezingirwa kwa asilimia 60, maana yake ni kwamba sehemu hiyo ya mpaka wake imewekewa kinga, wala si kwamba asilimia 60 ya moto imezimwa. Vilevile, nukta kwenye ramani ya setilaiti ni mahali palipoonekana joto, si picha ya ukubwa wa moto.

Kwa urefu, hesabu mambo matatu: muda kutoka siku ya kwanza ya moshi hadi ya mwisho, jumla ya siku zilizovuka kiwango cha uchafu wa hewa ulichojichagulia, na mfululizo mrefu zaidi usio na siku ya hewa safi. Mimi hutilia uzito huo mfululizo. Siku 40 za moshi zilizotawanyika katika miezi mitano huacha nafasi ya kufua, kufungua madirisha na kulala. Siku 20 zinazofuatana haziachi.

Msimu usifungwe kwa mvua ya kwanza. Moto uliojificha kwenye udongo wa mboji unaweza kudumu chini ya theluji, kama baadhi ya mioto ya Kanada ya 2023 iliyofika 2024. Mvua yenyewe yaweza kuwa hatari: Januari 2018 maporomoko ya tope kutoka milima iliyokuwa imeungua mwezi uliotangulia yaliua watu zaidi ya 20 huko Montecito, California. Katika mji wa Paradise, benzini iligunduliwa kwenye mabomba ya maji baada ya moto. Maadamu maji hayanyweki au mteremko unatishia, kwa mkazi msimu unaendelea, hata kama kikosi cha zimamoto kimeondoka.

Mwishoni linganisha daftari lako na la jirani anayeishi mwinuko tofauti, kisha na la mwaka uliopita kwa kiwango kile kile. Usilinganishe na kumbukumbu, ambayo hushika siku mbaya kuliko zote na zile za mwisho, na kuziacha wiki za katikati zilizokuwa sehemu kubwa ya msimu.