Video ya ngoma ifike ikiwa safi
Jamani, ukirekodi sindimba huku Newala ukaituma WhatsApp kama video ya kawaida, inabanwa: nyuso zinakuwa ukungu, njuga za miguuni huzioni kabisa. Gusa alama ya kuambatisha, chagua Hati, itume kama faili. Inafika vilevile ulivyoirekodi, mradi isizidi GB 2.

Harusi nzima ipandishe YouTube, bure, uiweke kama isiyoorodheshwa. Haitokei kwenye utafutaji, mwenye kiungo ndiye anaiona. Ndugu wa Dar wanatazama bila kujaza simu. Thibitisha kwanza akaunti kwa namba ya simu, la sivyo inayozidi dakika 15 haikubaliwi. Na tafadhali, waombeni ruhusa akina mama waliomo kabla ya kusambaza kiungo.