Chupa moja ya maji inavyoonyesha mwamba ulivyogeuka udongo

Wiki hii nilikuwa namsaidia mwanafunzi aliyekariri kwamba maji husomba udongo, ila hakuona kwa nini mto uache changarawe huku na tope kule mbali. Michoro haikusaidia. Chupa ilisaidia: ukitikisa udongo ndani ya maji kisha ukauacha, chembe kubwa hutua kwanza na ndogo mwisho, kama mtoni.

1. Udongo. Chimba chini ya majani yaliyooza, kausha, chekecha kwa chekeche ya matundu ya milimita 2. Vijiwe vilivyobaki vishike kwanza: vyenye ncha kali havijaenda mbali na mwamba wao, vilivyolainika na kuviringika vimebiringishwa na maji.

2. Chupa. Ya kioo, ndefu, iliyonyooka. Ya plastiki yenye mikunjo sishauri kabisa, tabaka hazipimiki. Udongo robo, maji karibu ya kujaa.

3. Kuvunja mabonge. Hapa ndipo wengi hupotezea siku nzima. Bonge la mfinyanzi (udongo wa chembe ndogo kabisa, unaonata) lisipovunjika huzama kama mchanga, nawe utaandika mchanga usiokuwepo. Loweka usiku kucha, kisha pekecha kwa vidole humo humo majini mpaka usisikie uvimbe. Ukiwa na sodiamu heksametafosfeti, kemikali inayotenganisha chembe za udongo, tia kidogo. Sabuni ya vyombo inafaa pia, lakini tone moja tu. Povu likizidi huoni mstari. Halafu angalia maji yenyewe. Ya kisima chenye chumvi hugandanisha chembe za mfinyanzi, zikaanguka haraka pamoja na silti (chembe za ukubwa wa kati ya mchanga na mfinyanzi), na maji yakawa maangavu kabla ya wakati. Usishangilie, kipimo kimeharibika. Rudia kwa maji ya mvua. (Mto unapoingia baharini hufanya vivyo hivyo: tope hukutana na chumvi, likagandana na kutua.)

4. Tikisa, weka, chora. Mchanga hutua ndani ya dakika moja: chora mstari. Silti, kwa maji ya kina cha sentimita 10 yenye nyuzi 20, huchukua kama saa 8: chora wa pili. Mfinyanzi, wenye chembe chini ya milimita 0.002, waweza kuelea siku kadhaa. Chupa isiguswe.

5. Kusoma. Mchanga kwa kawaida ni kwatsi, madini sugu yanayobaki mwamba unapopasuliwa na joto, mizizi au barafu. Mfinyanzi ni kazi ya kemia: maji ya mvua yenye kaboni dayoksaidi hula feldispa, madini yaliyo mengi kwenye miamba, polepole na kuigeuza. Silti ikitawala, fikiria kwamba imeletwa na upepo. Uwanda wa Loess nchini China umejengwa hivyo. Udongo wa namna hiyo ndio unaosombwa upesi, maana chembe zake ni nyepesi na hazishikani kama za mfinyanzi.

Mfinyanzi huvimba ukilowa, kwa hiyo asilimia zako ni makadirio. Ukihitaji hesabu kamili, tumia haidromita, kifaa kinachoelea na kupima uzito wa maji yenye chembe.