Somo: Namna ya kulitumia neno "remark" mtu anapotupa neno barazani

Wanadarasa, hamjambo. Kwenye zoezi la juzi kila aliyesema kitu mlimwandikia "said", mstari wa kwanza hadi wa mwisho. Leo tuongeze neno.

Chukulia baraza la kahawa pale Ngamiani, hapa Tanga. Wazee wako kwenye drafti, kashata mkononi, mara mmoja anasema, "Leo joto!" Hakuulizwa, wala hangoji mjadala. Kauli kama hiyo ndiyo remark.

Hatua ya 1: Matamshi. Ri-MAAK, mkazo mwishoni. Remarked isomeke ri-MAAKT.

Hatua ya 2: Ipime kauli yenyewe. Amri haimo, jibu la swali halimo. Kijembe kimo, tena kina jina lake: a snide remark. (Watu wa Tanga hapo hatuhitaji mifano.)

Hatua ya 3: Itunge sentensi. Njia ni hizi:
"It's hot today," the old man remarked.
The old man remarked that it was hot.
The old man remarked on the heat.

Hapa ndipo wengi wanapoteleza. Kwetu "aliniambia" ni neno moja, na mwenye kuambiwa yumo humo humo, basi mtu anaandika "he remarked me". Hapana! Andika "he remarked to me that it was hot". Ukiona hiyo "to" inakusumbua, rudi kwenye "he told me", hakuna atakayekulaumu.

Hatua ya 4: Likiwa nomino, tunasema make a remark. Mgeni rasmi akifungua semina, hotuba yake fupi ni opening remarks, kwa wingi.

Angalizo: kitenzi hiki ni cha kalamu zaidi, cha kusimulia yaliyosemwa. Usikae barazani ukasema "I remark that the coffee is bitter". Utakuwa kama hakimu anayesoma hukumu. Sema tu kahawa chungu.

MASWALI (kila muulizaji kwa jina la mahali anapotoka)

Chumbageni: Shikamoo mwalimu. Ripoti ya mwanangu ina safu ya "Remarks". Ndiyo hii?
— Marahaba. Ndiyo hiyo, neno fupi la mwalimu kando ya alama.

Makorora: Na comment je?
— Zinakaribiana, ila comment hubeba maoni zaidi. Kiongozi akibanwa na waandishi husema "no comment". "No remark" hutaisikia.

Pongwe: Kwa hiyo remarkable ni mtu wa maneno mengi?
— Hahaha, hapana ndugu yangu. Ni mtu au jambo la kutajika, lisilopita bila kuonwa. Huyo wako mwite talkative.

Sahare: Mbona chuoni wanasema mtihani umefanyiwa "remark"?
— Hiyo ni re-mark, yenye kistari, na "re" yake huvutwa: rii. Maana yake kusahihisha upya. Ukiomba hiyo, andaa na ada, vyuo vingine hutoza.