Gesi ya Kiyoyozi Hupimwa kwa Mizani

Gesi ya kiyoyozi haitumiki ikaisha kama mafuta ya gari. Huzunguka humo humo miaka yote, kutoka koili ya ndani hadi ya nje na kurudi. Ikipungua, imevuja. Mteja akikuita umwongezee gesi, tafuta kwanza panapovuja. Mimi huanzia kwenye nati za mabomba ya shaba, na povu la sabuni mkononi. Mara nyingi doa la mafuta kwenye kiungo hunionyesha tundu kabla hata sijapaka povu.

Kisha soma kibao cha mashine ya nje ujue aina ya gesi iliyomo. R-22 ni ya mashine za zamani. Huharibu tabaka la ozoni, na dunia inaiondoa kwa Mkataba wa Montreal wa 1987. R-410A ni nusu R-32 na nusu R-125, na presha yake huzidi ya R-22 kwa zaidi ya nusu. R-32 yenyewe hushika moto, ingawa si upesi kama gesi ya kupikia, kwa hiyo fungua madirisha na uweke mbali kila kinachotoa cheche. Usiweke gesi moja juu ya nyingine. Rangi ya mtungi nayo usiiamini, soma maandishi.

Katika mwaka wangu wa pili wa ufundi nilijaza mashine ya R-410A kwa kutazama geji, yaani kipimo cha presha, peke yake. Ilikuwa asubuhi ya baridi, presha iko chini, nami nikaongeza hadi mshale ukafika pale nilipozoea kuuona. Jua lilipopanda, kompresa, yaani pampu inayokandamiza gesi, ikaanza kuzima na kuwaka. Wiki chache baadaye iliungua, na mwenye nyumba akapata hasara kwa kazi ya mikono yangu. Geji hufuata joto la siku ile, ndani na nje. Gramu hazibadiliki kwa jua wala baridi.

Kwa hiyo nafanya hivi. Gesi iliyobaki naivuta kwenye mtungi wa kurejeshea, siiachii hewani. Naziba tundu, najaza naitrojeni kavu kwa presha isiyozidi ile ya kibao, na kuiacha nikitazama kama itashuka. Oksijeni usiitumie kabisa hapa: ikikutana na mafuta ya kompresa hulipuka, na inaua.

Kisha vakyumu, yaani kuvuta hewa na unyevu vyote kwa pampu, hadi presha ishuke chini ya mikroni 500. Funga valvu ya pampu usubiri dakika kumi au zaidi. Kipimo kikipanda kidogo kikatulia juu ya hapo, kuna unyevu, endelea kuvuta. Kikipanda bila kusimama, bado kuna tundu. Hatua hii watu huiharakisha, na mimi huwaomba vijana ninaowafundisha wasiifupishe hata dakika moja, kwa sababu mafuta ya mashine za R-410A na R-32 hunyonya unyevu upesi, na unyevu huo huzaa asidi inayokula kompresa.

Sasa hesabu. Tuseme kibao kinasema gramu 900 kwa bomba lisilozidi mita 7.5, na gramu 20 kwa kila mita inayozidi. Bomba lako ni mita 12. Ziada ni mita 4.5, yaani gramu 90. Utaweka gramu 990. Weka mtungi kwenye mizani, toa hewa kwenye hozi, rudisha mizani kwenye sifuri, ndipo ufungue.

R-410A itoke ikiwa kimiminika, kwa sababu ni mchanganyiko, na ikitoka kama mvuke uwiano wake hubadilika. Mtungi usio na bomba la ndani ugeuze kichwa chini. Mashine ikiwa imezimwa, vakyumu yenyewe itavuta sehemu kubwa. Kinachobaki kiingize mashine ikifanya kazi, ukifungua valvu kidogo kidogo, maana kompresa haikuumbwa kukandamiza kimiminika. Vaa glavu na miwani. Gesi hii hugandisha ngozi papo hapo.

Gramu zikitimia, funga. Geji sasa ni ya kuhakiki tu: kwa R-410A, presha ya psi 120 upande wa presha ya chini ni kama nyuzi 5 ndani ya koili.

Nikimaliza naandika ndani ya kifuniko, kwa wino usiofutika: aina ya gesi, gramu zilizoingia, urefu wa bomba, tarehe. Fundi atakayefungua baada yangu asilazimike kukisia.