Somo: kupima na kuimarisha intaneti ya PS (PlayStation), someni kabla ya kuniuliza

Assalaam alaykum. Kila wiki napata ujumbe ule ule: "Gemu inakwama, ninunue bando kubwa?" Naandika mara moja, atakayeuliza tena nitamleta hapa. Menyu ni za PS4, za PS5 hazitofautiani sana.

1. Toa simu na TV zote kwenye waifai.

2. Settings, Network, Test Internet Connection. Andika kasi ya kupakua, ya kupakia na aina ya NAT (namna ruta inavyoiunganisha PS na mtandao wa nje). Pima asubuhi, kisha baada ya Isha, mtaa mzima ukiwa mtandaoni.

3. Chomeka waya wa LAN kwenye ruta, upime upya. Waya ukiwa mzuri na waifai mbaya, tatizo limo nyumbani. Kote kukiwa kubaya, tatizo ni laini, usijisumbue kuhamisha ruta.

4. Ukiweza, baki na waya. Mita 100 unafika bila shida. Kuta za Mji Mkongwe ni nene, mawe ya matumbawe na chokaa, na waifai ya 5 GHz haizipenyi vizuri. Ya 2.4 GHz hupenya zaidi lakini imejaa watu, na PS4 za mwanzo hazina nyingine.

5. DNS. Hapa ndipo wengi wanapoharibu, basi twende polepole. Set Up Internet Connection, kisha Custom. IP Address (anwani ya PS kwenye mtandao wa nyumbani) iache Automatic. Narudia: iache. Watu wanatazama video ya mtu aliyeko Marekani, wananakili IP ya nyumbani kwake. Matokeo yake ama PS haishiki mtandao kabisa, ama inagongana na simu ya mama, simu ikatike na asijue mtu kwa nini. Kinachobadilishwa ni DNS peke yake: Manual, 8.8.8.8 na 8.8.4.4 (za Google). MTU Automatic, Proxy Do Not Use. Kabla ya kugusa, piga picha mpangilio wa zamani. Na msidanganywe: kazi ya DNS ni kutafuta anwani ya seva kwa jina lake. Kuibadili husaidia DNS ya kampuni yako ya intaneti inaposuasua. Ukishaingia kwenye mechi haipunguzi pingi (muda wa data kwenda kwenye seva na kurudi).

6. NAT Type 2 inatosha. Type 3 ndiyo inayokata sauti za wenzio na kukukosesha mechi. Washa UPnP kwenye ruta (huiruhusu PS ijifungulie njia), zima PS, washa, pima.

MASWALI

Swali: Nimefanya zote bado inalagi. Msaada.

Jibu: Namba ziko wapi? Soma hatua ya 2.

Swali: Sikuandika, ila inalagi kweli.

Jibu: Basi pima sasa, upige picha TV. Bila namba sina la kukwambia.

Swali: Niko Wete, ruta ni ya laini ya simu. UPnP nimewasha, NAT bado Type 3. Sababu nini?

Jibu: Ahsante kwa kueleza vizuri, kaka. Fungua ukurasa wa ruta, tazama IP ya WAN (ya upande wa nje). Linganisha na ile inayoonyeshwa na tovuti za kutazamia IP. Zikitofautiana, kampuni imewaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja, na UPnP yako haifiki huko. WAN iliyo kati ya 100.64 na 100.127 ndiyo dalili yenyewe. Waulize kama wanatoa IP ya umma ya peke yako.

Swali: Napakua kwa Mbps 40 lakini pingi ya seva za Ulaya haishuki chini ya milisekunde mia. Nibadili laini?

Jibu: Hili nilikuwa nalingoja. Mwanga ndani ya fiber hukimbia kama kilomita 200,000 kwa sekunde. Unguja hadi London ni zaidi ya kilomita 7,000 kwa mstari ulionyooka, kwa hiyo kwenda na kurudi pekee ni milisekunde 70 na ushei, na nyaya za baharini hazinyooki. Laini mpya haitaufupisha umbali huo. Gemu ikikuruhusu, jaribu seva ya Afrika Kusini, lakini pima, maana data haipiti njia ya karibu kila mara. Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilipokatika, hakuna mpangilio wa PS ungeliweza kutuokoa.

Swali: Nakaa karibu na pwani. Waya ulikuwa mzima, sasa unakatakata.

Jibu: Tazama vichwa vyake. Hewa ya chumvi inazila zile pini. Kata, ufungiwe kichwa kipya.

Mwengine: Na ruta iwekeeni UPS ndogo (betri ya akiba), umeme ukicheza mechi isikatike.

Jibu: Kweli, ila TV na PS nazo ziwe na umeme. Hakikisha volti za UPS ni zile zile zilizoandikwa kwenye chaja ya ruta.