Jinsi ya Kuisoma Reli Kongwe ya Tanga

Anzia Tanga mjini, kwa sababu ndiko ujenzi wa reli ya Usambara ulikoanza mwaka 1893, reli ya kwanza kabisa ya Tanzania Bara. Chukua daftari, penseli na brashi laini. Omba ruhusa kwa mkuu wa stesheni kabla ya kukaribia njia, na ukiruhusiwa usisimame kamwe katikati ya reli.

Chuchumaa kando, ufute vumbi ubavuni mwa chuma: mara nyingi utakuta herufi zilizoinuka, zikitaja kiwanda na mwaka chuma hicho kilipotengenezwa. Zinakili zote kama zilivyo, hata zilizoliwa na kutu, maana nusu ya jina huweza kukamilishwa na kipande kingine hatua chache mbele. Kwangu mimi, hakuna furaha inayoizidi hiyo.

Majina ya mashirika nayo ni kalenda. Ukikuta EAR&H kwenye kifaa cha zamani, ujue ni alama ya shirika la reli na bandari la Afrika Mashariki (East African Railways and Harbours) lililoundwa mwaka 1948; TRC, yaani Shirika la Reli Tanzania, ilikuja baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuvunjika mwaka 1977.

Kisha ifuate njia yenyewe kituo kwa kituo: Muheza, halafu Mnyusi, inapoungana na njia ya Ruvu iliyofunguliwa mwaka 1963, kisha Korogwe, ambako reli ilifika mwaka 1902, na Mombo, mwaka 1905. Moshi ilifikiwa mwaka 1911 na Arusha mwaka 1929, kwa hiyo zitengee safari ya pili.