Jinsi ya kupunguza kasi ya mlipuko wa ugonjwa wakati hakuna dawa wala chanjo

Ugonjwa mpya ukiingia tu watu wanauliza dawa iko wapi, chanjo inakuja lini, na wakisikia hamna basi wengi wanakata tamaa palepale wanasema tusubiri tu yaishe. Mimi naamini kabisa hapo ndo tunapopoteza watu bure. SARS, ugonjwa mkali wa mapafu wa 2003, iliwapata watu 8,098 kwenye nchi kama 29, ikaua 774, na tarehe 5 Julai 2003 Shirika la Afya Duniani likatangaza kwamba imedhibitiwa. Chanjo haikuwepo. Dawa iliyothibitishwa haikuwepo. Waliomaliza kazi ni watu waliotenga wagonjwa mapema, wakawatafuta waliokutana nao mmoja mmoja, wakawalinda wahudumu wa hospitali. Ila sasa chukua hatua hizohizo upeleke kwenye surua, hazifui dafu. Kwa hiyo ukisikia watu wanabishana eti hatua hizi zinafanya kazi au hazifanyi, jua wameanzia pabaya, swali ni zinafanya kazi kiasi gani kwa ugonjwa huu uliopo mbele yako, na hilo unaweza kulikadiria mwenyewe kwa karatasi na kalamu.

Anza na namba moja. Mgonjwa mmoja anaambukiza watu wangapi kwa wastani kama hakuna mtu mwenye kinga na hakuna anayechukua tahadhari? Wataalamu namba hii wanaiita R. Mafua ya msimu ni kama 1.3 hivi (hapo kuna watu wenye kinga ya zamani tayari), Ebola ya Afrika Magharibi ya 2014 ilikuwa kati ya 1.5 na 2, korona ilipoanza 2020 ilikuwa kama 2.5 hadi 3, surua ni 12 hadi 18. Ikishuka chini ya 1 mlipuko unaanza kufa wenyewe maana kila kundi la wagonjwa linazaa kundi dogo kuliko lenyewe. Kujua unatakiwa kupunguza maambukizi kiasi gani, chukua 1 gawanya kwa R, alafu jibu litoe kwenye 1. Mafua ya 1.3 yanataka upunguze kama asilimia 23 tu. Korona ya 2.5 inataka asilimia 60. Surua ya 15 inataka asilimia 93, na hapo ndo unaelewa kwa nini kwenye surua hakuna mjadala, bila chanjo huwezi kuimaliza, unaweza kuichelewesha tu.

Hesabu hii ndogo inaelezea jambo ambalo liliwashangaza wengi. Mwaka 2020 na 2021 watu walivaa barakoa, shule zikafungwa, safari zikasimama, na korona ikaendelea kuua, basi wengi wakasema mnaona, hatua hizi hazina maana. Lakini kipindi hichohicho mafua ya kawaida yalikaribia kupotea dunia nzima, mpaka aina moja ya virusi vya mafua, B/Yamagata, haijathibitishwa tena popote tangu Machi 2020. Hatua zilikuwa zilezile, watu walewale, tofauti ni kwamba asilimia waliyoipunguza ilitosha kabisa kwa mafua na haikutosha kwa korona.

Na kutotosha sio sawa na kutofanya kitu, hapa naomba unisikilize vizuri. Tuseme R ni 2.5 na umefanikiwa kuipunguza nusu tu, imefika 1.25, bado iko juu ya 1, bado ugonjwa unaenea. Ukianza na mgonjwa mmoja, baada ya mizunguko kumi ya maambukizi (mzunguko ni muda wa mgonjwa kuambukiza wengine mpaka nao waanze kuambukiza), ile ya 2.5 inakupa wagonjwa wapya kama 9,500 kwenye mzunguko wa kumi peke yake. Ile ya 1.25 inakupa kama 9. Ugonjwa ukiwa na mzunguko wa siku tano basi hiyo ni tofauti ya siku 50 tu. Hospitali yenye vitanda 40 inaweza kuhudumia watu 9, 9,500 haiwezi, na wanaokufa wakati huo sio wa ugonjwa huo peke yao, ni pamoja na mama anayejifungua na mtoto mwenye nimonia waliokosa nafasi.

Swali la pili ni mgonjwa anaanza kuambukiza lini, na hili watu wanalisahau sana wakati lina uzito kama R yenyewe. Mgonjwa wa SARS alikuwa anaambukiza zaidi akishazidiwa, wiki ya pili hivi, kwa hiyo ukimtenga siku anapoanza homa umeshamuwahi. Ebola nayo haiambukizi kabla ya dalili. Korona ni balaa jingine, sehemu kubwa ya maambukizi inatokea mtu hajaanza hata kukohoa, ukisubiri dalili ndo umtenge umeshachelewa. Kwa ugonjwa wa aina ya kwanza weka nguvu zako kwenye kutenga na kufuatilia. Kwa aina ya pili kufuatilia peke yake hakutoshi, utahitaji na hatua zinazomhusu kila mtu, mzima na mgonjwa.

Kufuatilia kunafanywaje? Angalia Lagos 2014. Tarehe 20 Julai abiria mwenye Ebola alishuka uwanja wa ndege, jiji lina mamilioni ya watu, dunia ikashika kichwa. Kwenye hospitali aliyolazwa abiria huyo, daktari Ameyo Adadevoh alikataa kumruhusu atoke, na daktari huyo mwenyewe baadaye akafariki kwa ugonjwa huo. Timu zikaorodhesha watu karibu 900 waliokutana na wagonjwa, wakawatembelea mara kama 18,500 kuwapima joto, kila mmoja siku 21. Nigeria ikaishia na wagonjwa 20 na vifo 8, na tarehe 20 Oktoba ikatangazwa haina tena Ebola. Ukitaka kufanya hivyo, muulize mgonjwa alikuwa wapi siku kwa siku, alikula na nani, alilala wapi, nani alimhudumia, usimuulize tu "ulikutana na nani" maana atakutajia watatu akanyamaza. Waliotajwa wafikiwe siku hiyohiyo, ukichelewa siku tatu wengine wameshaambukiza. Alafu fuatilia na kurudi nyuma, yani tafuta yeye aliambukizwa wapi, kwa sababu mara nyingi pale kuna kundi zima hujalijua.

Hilo la kurudi nyuma lina sababu. R ni wastani, na wastani unaficha mambo. Kwenye korona na SARS wagonjwa wengi hawakumwambukiza mtu yeyote, wachache tu ndo walizalisha wagonjwa wengi sana, na mara nyingi ilikuwa ndani, watu wamebanana, madirisha yamefungwa, wanaongea kwa sauti au wanaimba. Machi 2020 kwaya moja jimbo la Washington, Marekani, walifanya mazoezi kwa muda wa saa mbili na nusu, watu 61, na 53 kati yao wakaugua au kudhaniwa wameugua, wawili wakafariki. Kwa hiyo kama huna uwezo wa kuzuia kila kitu, na hamna mtu mwenye uwezo huo, anza na mikusanyiko ya ndani. Hamishia nje. Fungua madirisha pande mbili hewa ipite. Punguza muda. Kuwafukuza watu ufukweni au kwenye bustani huku ofisi zimejaa ni kupoteza nguvu na kupoteza imani ya watu.

Lazima ujue ugonjwa unapita wapi, hili ni fupi ila likikosewa yote yanaharibika. Unaopita hewani unataka hewa safi na barakoa inayokaa vizuri usoni, iliyoshuka chini ya pua haikusaidii. Unaopita kwenye kinyesi na maji unataka maji yaliyotibiwa, choo, na sabuni. Kunawa mikono kunapunguza magonjwa ya kuhara kwa kama asilimia 30, kwa magonjwa ya njia ya hewa faida ipo ila ni ndogo zaidi. Kupulizia dawa barabarani kwa ugonjwa wa hewani ni maonyesho tu. Na usidharau vitu vidogo vikiwekwa mahali pake: mnyoo wa Guinea, unaoingia kwa maji ya kunywa na kutokea kwenye kidonda cha ngozi, ulikuwa unawapata watu kama milioni 3.5 kwa mwaka 1986, hauna chanjo wala dawa ya kuuponya hadi leo, na tangu 2021 wagonjwa dunia nzima hawafiki 20 kwa mwaka, kwa kuchuja maji ya kunywa kwa kitambaa, kuwazuia wenye vidonda wasiingie kwenye maji, na watu wa vijijini wenyewe kufuatilia kila mgonjwa.

Sasa panga tabaka, yani hatua moja juu ya nyingine. Watu wanatafuta hatua moja kali itakayomaliza yote, wakati hatua tatu za wastani zinafanya kazi nzuri zaidi na zinaumiza kidogo. Kila moja ikipunguza asilimia 30, R ya 2.5 inashuka hadi 1.75, alafu 1.2 hivi, alafu 0.86. Umeshashuka chini ya 1 na hukumfungia mtu ndani.

Ila uwahi. Hapa ndo pana uzito kuliko pengine popote. Mwaka 1918 jiji la Philadelphia, Marekani, lilishaona wagonjwa wa mafua yale makali kuanzia katikati ya Septemba, na bado tarehe 28 wakaruhusu gwaride la watu kama 200,000, wakaja kufunga shule na makanisa tarehe 3 Oktoba. Jiji jingine la huko, St. Louis, waliripoti wagonjwa wa kwanza wa mtaani tarehe 5 Oktoba, tarehe 7 wakafunga. Hadi mwisho wa Desemba Philadelphia ilikuwa na vifo vya ziada, yani juu ya vile vya kawaida, kama 719 kwa kila watu 100,000, St. Louis kama 347. Hatua zilifanana sana, kilichotofautiana ni siku. Ukisubiri mpaka vifo vionekane ndo uamini, kumbuka anayekufa leo, kwa korona mfano, aliambukizwa wiki mbili tatu zilizopita.

Alafu wape watu uwezo wa kufuata unachowaambia. Mtu anayeishi kwa kipato cha siku ukimwambia akae ndani siku 14 bila chakula hatakaa, na sio mkaidi, ana watoto. Agosti 2014 mtaa wa West Point jijini Monrovia, Liberia, ulizungushiwa askari usiku usiku kwa ajili ya Ebola, zikatokea vurugu, kijana mmoja akafa kwa risasi, na baada ya siku kama kumi amri ikaondolewa. Kilichosaidia Liberia na majirani zake ni pale familia zilipoanza kushirikishwa, mazishi yakawa salama na bado yana heshima, ndugu wanaona kwa mbali, sala inasomwa, vijana wa mtaa ndo wanapita nyumba kwa nyumba. Kwa hiyo kabla hujatangaza karantini hakikisha chakula, maji, simu ya kupiga mambo yakiharibika, na fidia hata ndogo. Bila hayo watu wataficha wagonjwa, na mgonjwa aliyefichwa hafuatiliki.

Mwisho ni kupima na kulegeza. Hatua ukiianza leo usitegemee kuona kitu kesho, kuna siku za ugonjwa kujificha mwilini, siku za kupimwa, siku za majibu, kwa hiyo subiri angalau mizunguko miwili ndo uhukumu. Na usijipe sifa haraka: daktari John Snow, aliyeamini kipindupindu kinapita kwenye maji, alipofanya mpini wa pampu ya maji ya Broad Street uondolewe London, Septemba 1854, kipindupindu kilikuwa kimeshaanza kushuka maana watu wengi walikimbia mtaa ule, pamoja na kwamba kuhusu maji alikuwa sahihi kabisa. Angalia asilimia ya vipimo vinavyotoka na ugonjwa, sio idadi ya wagonjwa peke yake, maana ukipima wachache utaona wachache. Ugonjwa ukishuka, legeza kitu kimoja kimoja, anza na vile vinavyoumiza watu sana na vinavyoambukiza kidogo, shule za watoto wadogo kabla ya kumbi za usiku kwa mfano kama ugonjwa wenyewe hauenei sana kwa watoto. St. Louis walilegeza Novemba 1918, wagonjwa wakapanda tena, wakalazimika kurudisha baadhi ya marufuku. Ukilegeza vitano siku moja na mambo yakaharibika hutajua kipi kimeharibu, itabidi uvirudishe vyote vitano.